Padre Aitwe Mapema

Mgonjwa akizidiwa hapa Lemara, Arusha, ndugu hawalali. Watoto watazunguka na karatasi za vipimo, wajomba watachanga gharama za hospitali ya KCMC, akina mama wa jumuiya watapokezana kupika uji na kufua mashuka. Jambo moja tu hukwama. Mtu akisema, "Tumwite padre aje ampake mafuta," chumba kinanyamaza, kisha shangazi mmoja anauliza kwa uchungu, "Kwani mmeshamkatia tamaa?" Basi linaahirishwa. Kesho yake linaahirishwa tena. Padre anapopigiwa simu ni saa nane usiku, anakuja kwa bodaboda kwenye matope ya masika, na anayemkuta kitandani haitiki tena akiitwa jina.

Hata huyo, padre humpaka. Kanisa linaruhusu Mpako kwa aliyepoteza fahamu, maadamu inaaminika angeuomba kama angekuwa na akili zake. Lakini kwa anayekaribia kufa yameandaliwa mambo matatu yanayokwenda pamoja: Kitubio, Mpako wa Wagonjwa, na Komunyo ya mwisho, masurufu ya njiani. Kati ya hayo matatu, mawili yanahitaji kinywa cha mgonjwa. Lazima aweze kusema, na lazima aweze kumeza. Sisi tunaosubiri mpaka ulimi uwe mzito tunamnyima yote mawili, tena tukiamini tunamwonea huruma.

Woga huu hatukuuzua wenyewe. Wazee waliofundishwa katekisimu zamani waliijua sakramenti hii kama mpako wa mwisho. Walimwona padre akipaka macho, masikio, pua, midomo, mikono na miguu ya mtu aliyekwisha kugeukia ukutani, na kwa macho yao huko kulikuwa ni kuagwa. Jimbo la Arusha lilianzishwa Machi 1963, Askofu Dennis Durning akiwa wa kwanza kuliongoza. Desemba ya mwaka huohuo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukatamka kwamba sakramenti hii si ya walio katika dakika za mwisho tu. Wakati wake umeshafika pale mtu anapoanza kuwa hatarini kwa ugonjwa au uzee. Mwaka 1972 Papa Paulo VI akairekebisha ibada yenyewe. Sasa hupakwa paji la uso na mikono, na aliyepona akiugua tena anapakwa tena, hata ugonjwa uleule ukizidi anaweza kupakwa upya. Mtume Yakobo, ambaye barua yake ndiyo tunayoisoma siku ya mpako, anamzungumzia mgonjwa anayewaita wazee wa Kanisa. Anayeita ni mgonjwa mwenyewe. Kwa hiyo yu hai, anajua anaumwa, na ana sauti.

Katika parokia nyingi Februari 11, Siku ya Wagonjwa Duniani iliyoanzishwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 1992, wagonjwa na wazee hupakwa ndani ya Misa. Bibi anakwenda na mkongojo wake, anapakwa, anarudi nyumbani kuchambua maharage. Ningependa watoto wetu wote walione hilo kabla hawajaona mpako wa saa nane usiku.

Mzee mmoja wa jumuiya yetu alipopangiwa upasuaji alimwita padre bila kumshauri mtu. Aliungama, akapakwa, akakomunika. Padre alipoondoka, mzee akaomba aitiwe mdogo wake, Mlutheri, ambaye walikuwa hawasalimiani kwa sababu ya mpaka wa shamba kule mlimani Meru. Mdogo mtu akaja mchana, wakafungiwa mlango. Hatukuambiwa walisemezana nini, wala haikutuhusu. Mzee alipasuliwa, akapona, na masale ya mpaka yakapandwa upya wote wawili wakiwa wamesimama shambani, kila mmoja akionyesha kwa kidole chake. Ningeweza kusema ni dawa za hospitali tu. Dawa zilifanya kazi yake, nazishukuru. Lakini ule mlango uliofungwa mchana ule haukufungwa na daktari.

Wapo wasiopata nafasi hiyo, na Arusha inalijua hilo kuliko miji mingi. Mei 5, 2013, bomu lilirushwa kanisani Olasiti siku ya kuzindua parokia, Balozi wa Papa, Askofu Mkuu Francisco Padilla, akiwepo pamoja na Askofu Mkuu Josaphat Lebulu, na watu watatu wakafariki dunia. Mei 6, 2017, basi la shule ya Lucky Vincent lilitumbukia korongoni Rhotia, Karatu, likaondoka na wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Nani angewahi na mafuta kule korongoni? Mama aliyezika mtoto wa darasa la saba asithubutu mtu kumwambia kwamba mwanawe aliondoka bila kitu. Kanisa linafundisha kwamba Mungu ametupa sisi sakramenti tuzishike, ila yeye mwenyewe hafungwi nazo. Mkono wake unafika asikofika padre. Hata hivyo litania ya zamani ilikuwa na ombi la kuepushwa na kifo cha ghafla kinachomkuta mtu hajajiandaa, na kila nikikumbuka siku hizo mbili za Mei naona wazee waliliomba wakijua wanachokiomba. Aliyepewa wiki tatu za kitandani amepewa kitu ambacho wale watoto hawakupewa.

Baada ya pumzi ya mwisho, imani yetu ni kwamba roho inasimama papo hapo mbele ya Mungu, na mwili unasubiri ufufuko. Wengi wetu, tukijitazama kwa ukweli, tutafika pale tukiwa tumempenda Mungu na bado tumejaa makunyanzi ya ubinafsi. Ndiyo sababu ya toharani. Papa Benedikto XVI, katika waraka wake wa mwaka 2007 juu ya tumaini, aliwakumbusha waamini fundisho la baadhi ya wanateolojia kwamba moto unaotakasa ni Kristo mwenyewe: kumtazama usoni kunachoma, na kunaponya. Tangu nilipolielewa hilo sijaiogopa toharani kama nilivyoiogopa utotoni.

Matanga ya Lemara huwa yamechanganyika, nusu Wakatoliki, nusu Walutheri. Shemeji yangu Mlutheri aliwahi kuniuliza: kama Kristo alimaliza yote msalabani, ninyi mnamwombea marehemu nini tena? Nilimwambia kwamba jana yake tu, marehemu akiwa kitandani, tulimwombea wote pamoja, na hakuna aliyesema sala zetu zinapunguza kazi ya Kristo. Sioni kwa nini upendo uambiwe ukome kwa sababu daktari ameandika saa ya kifo. Hakukubaliana nami, lakini Novemba aliniletea jina la mama yake niliandike kwenye bahasha ya kuwaombea marehemu.

Na hapa lazima niseme linaloniuma. Nimekaa kwenye misiba ambako jeneza liko sebuleni na wafiwa wanabanwa kuhusu kadi ya zaka. Kanuni ya 1184 ya sheria za Kanisa inawataja wanaoweza kunyimwa mazishi ya Kanisa. Asiyetoa zaka hayumo. Mtaguso wa Trento, ulipothibitisha mwaka 1563 kwamba toharani ipo na kwamba sala zetu zinawasaidia walioko huko, uliwaagiza maaskofu wakataze katika jambo hili kila kinachonuka ushirikina au tamaa ya fedha. Zaka ni wajibu, na naitoa kwa moyo. Idaiwe mtu akiwa anatembea, jumuiya imfuate nyumbani wakati anaweza kujibu. Mjane asiulizwe risiti.

Kwa watoto wangu nimeshasema, na sasa naandika ili wasigombane. Namba ya katekista nimeibandika ukutani, karibu na ya daktari. Kitambaa cheupe, msalaba na mshumaa viko kwenye droo ya juu ya kabati. Nikizidiwa msinong'onezane sebuleni kama padre aitwe au asiitwe. Ingieni chumbani, mniulize mimi.