Mvua Inapopiga Mabati: Watoto Wetu na Hofu Zao



Wapendwa Taifa la Mungu, juma hili tulikusudia kuendelea na tafakari zetu juu ya sakramenti ya Kitubio, lakini jambo moja limetusukuma tuiweke kando kwa muda. Mvua zimeanza. Kwa wakulima wetu hiyo ni habari njema, nasi tumeiombea tangu mashamba yalipotifuliwa. Hata hivyo, katekista wetu mmoja ametueleza kwamba katika darasa lake la Komunyo ya Kwanza yumo mtoto ambaye, mawingu yakianza kutanda, hufunga kamba za viatu, huvaa mkoba wa madaftari mgongoni, na kwenda kusimama mlangoni. Hasemi neno. Akiulizwa aenda wapi, hujibu kwamba haendi popote. Husimama tu hapo, tayari kukimbia, mpaka mvua ikatike.

Mtoto huyo na mama yake walihamia kwetu kutoka Hanang.

Wengi mwakumbuka kilichotokea huko. Desemba 3, 2023, sehemu ya Mlima Hanang, mlima wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, ilimeguka baada ya kunyonya maji mengi ya mvua. Tope, mawe na magogo vikateremka hadi mji wa Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha, na wengine zaidi ya 100 wakajeruhiwa. Ilikuwa asubuhi ya Dominika ya Kwanza ya Majilio. Injili iliyosomwa siku hiyo katika makanisa yetu yote ilitoka sura ya 13 ya Marko, juu ya watumishi wanaoagizwa kukesha kwa kuwa hawaijui saa atakayorudi bwana wao. Tuliihubiri Injili hiyo kwa utulivu kabisa. Habari za Hanang zilitufikia baada ya Misa. Tangu hapo twaisoma tukijua kwamba wapo watoto wanaokesha kwa namna ambayo Bwana hakuiagiza. Wanakesha kwa hofu.

Katekista alipowashirikisha baadhi ya wazazi habari za mtoto huyu, majibu yalikuwa ya namna mbalimbali. Mmoja alisema amezidi kudekezwa. Mwingine alishauri aletwe aombewe, kwani huenda kuna roho inayomsumbua. Tunaheshimu nia njema ya kila aliyesema, lakini juu ya hilo la mwisho yatupasa kusema waziwazi: hofu ya mtoto huyu si pepo. Ni kumbukumbu. Mwili wake ulijifunza siku moja kwamba mvua huleta mauti, na bado haujafundishwa kwamba mvua nyingi huleta mahindi. Tutamwombea, ndiyo, kama tunavyomwombea kila mtoto wa parokia hii. Ila hatutamkemea kana kwamba ndani yake mna adui.

Wazazi wengi hawaitambui hofu ya mtoto kwa sababu haiji kwa jina lake. Mtu mzima husema, "Nina wasiwasi." Mtoto husema tumbo linamuuma, tena asubuhi ya kwenda shule. Aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani huanza tena. Aliyezoea kulala peke yake hung'ang'ania kanga ya mama. Mwingine hugeuka mkali, hupiga wenzake, na sisi twamhesabu kuwa mtundu. Wapo wanaocheza jambo lilelile kila siku: wanajenga kijumba cha udongo, wanakimwagia maji, wanakitazama kikibomoka, kisha wanajenga tena. Mchezo huo msiukatishe kwa ukali. Mtoto hana maneno ya kutosha, basi husimulia kwa mikono.

Wala tusidhani kwamba haya ni ya watoto wa maafa makubwa peke yao. Baba akipoteza kazi, wazazi wakinong'onezana usiku juu ya kodi ya nyumba, bibi akilazwa hospitali na asirudi, watoto huhisi nyumba inatikisika ijapokuwa kuta zimesimama. Mwaka 2020 shule za nchi yetu zilipofungwa kuanzia Machi kwa sababu ya korona, na zile za msingi kufunguliwa tena mwishoni mwa Juni, watoto wengi walibaki nyumbani wakisikia habari za ugonjwa na vifo redioni pasipo mtu wa kuwaeleza lolote.

Kwa hakika hili la kutoelezwa ndilo linalotugusa zaidi. Sisi tuliokulia Kanda ya Ziwa tulikuwa darasa la tano wakati meli ya MV Bukoba ilipozama, Mei 21, 1996, ikiwa njiani kwenda Mwanza. Mamia ya watu walikufa, na wengi wao walizikwa Igoma. Kijijini kwetu hakuna mtu mzima aliyetueleza. Tulipoingia sebuleni redio ilizimwa. Tulipokaribia wanawake waliokaa mkekani, mazungumzo yalikatika, na mmoja wao akatutuma kuchota maji ambayo hayakuwa yameisha. Walitupenda, walitaka kutukinga. Lakini tulikwisha kusikia vipande vipande, na vipande hivyo tuliviunga wenyewe usiku, kwa akili ya mtoto wa miaka kumi na miwili. Tuliamini kwamba ziwa lilikuwa limekasirika na kwamba lingefuata njia ya mifugo mpaka nyumbani kwetu. Hofu hiyo haikuondolewa na mahubiri. Iliondolewa na babu yetu, aliyetuketisha siku moja kando ya zizi akatuambia kwa maneno machache: meli ilibeba watu na mizigo kupita kiasi, ikapinduka, watu wengi wakafa, ni huzuni kubwa, nalo ziwa liko palepale lilipo. Usiku ule tulilala.

Ukweli ulio mfupi, wa kadiri ya umri wa mtoto, humtuliza kuliko ukimya. Si lazima kumwambia yote. Maelezo ya maiti na damu hayamhusu, wala hatakiwi kutazama picha za maafa kwenye simu ya mzazi zikirudiwa mara ishirini, maana mtoto mdogo akiona tope lilelile likishuka mara ishirini hudhani milima ishirini imeanguka. (Hapa tuseme ukweli wote: watu wazima nao wangefanya vema kuzifuta video hizo badala ya kuzituma mbele.) Lakini akiuliza, ajibiwe. Na kama hatujui jibu, tumwambie kwamba hatujui, na kwamba tuko naye.

Katekista wetu alifanya jambo ambalo twalisifu. Siku moja ya jua kali alimchukua mtoto yule, wakazunguka naye eneo lote la kanisa. Akamwonyesha kwamba juu yetu hakuna mlima, ila kilima kidogo chenye migomba. Akamwonyesha mtaro ulio nyuma ya sakristia, mahali maji yanapoingia na mahali yanapotokea kuelekea mtoni. Kisha akasogeza benchi lake karibu na mlango, ili ikinyesha aweze kutazama nje akiwa ameketi. Hakumwambia asiogope. Alimpa sababu ya kupunguza hofu, na mahali pa kukaa nayo. Juma lililopita mvua ilipopiga mabati, kwa kelele ambazo ninyi mnaosali hapa mwazijua, hata kipaza sauti hakifui dafu, mtoto alivaa viatu na mkoba kama kawaida yake, lakini alibaki ameketi. Twahesabu hiyo kuwa hatua.

Tulipozungumza na mama yake, alituambia neno lililotufikirisha siku nyingi: "Baba Paroko, mimi mwenyewe mvua ikianza moyo unanienda mbio. Nitamtulizaje mtoto?"

Swali hilo ni zito kuliko linavyosikika. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Anna Freud na mwenzake Dorothy Burlingham waliendesha vituo vya kulea watoto huko Hampstead, London, mji uliokuwa ukipigwa mabomu usiku hata usiku. Mwezi Septemba 1939 serikali ya Uingereza ilikuwa imewahamisha watu wapatao milioni moja na nusu, wengi wao watoto wa shule, kutoka mijini kwenda mashambani penye usalama. Wanawake hao wawili waliona jambo ambalo wengi hawakulitazamia. Mtoto mdogo aliyesikia mabomu akiwa karibu na mama aliyetulia mara nyingi hakutikiswa sana; aliyetengwa na mama yake akapelekwa mahali salama aliumia zaidi. Mtoto huusoma uso wa mama kabla ya kulisoma anga.

Basi tukitaka kumsaidia mtoto, hatuna budi kumsaidia mama. Tumekuwa wepesi wa kuwaambia kina mama wajikaze kwa ajili ya watoto, na kina baba kwamba mwanaume halii. Maneno hayo hayatulizi mtu. Yanamfundisha tu kuficha. Mama huyu hatakiwi kuwa jiwe. Anaweza kumwambia mwanawe, "Nami nimeogopa kidogo, njoo tukae pamoja, tuhesabu mpaka radi inayofuata." Mtoto akiona kwamba mama ameogopa na bado anasonga ugali, hujifunza kwamba hofu hupita.

Tuitazame Injili kidogo, maana kuna jambo ambalo ni rahisi kulipita. Marko, katika sura ya nne, anasimulia jinsi wanafunzi walivyomwamsha Yesu wakati wa dhoruba, alipokuwa amelala kwenye shetri, kichwa juu ya mto. Mathayo naye anaisimulia habari hiyohiyo katika sura ya nane. Kwa Mathayo, Yesu anawauliza kwanza juu ya imani yao haba, ndipo anapoikemea bahari. Kwa Marko ni kinyume: anaituliza bahari kwanza, kisha anauliza. Wanazuoni wa Maandiko wana maelezo yao juu ya tofauti hiyo, na seminarini tuliyaandikia karatasi ndefu. Hapa parokiani tumejifunza kuupenda mpangilio wa Marko. Mtu anayezama hafundishwi katekisimu; hushikwa mkono kwanza.

Ndivyo ilivyokuwa kwa nabii Eliya pia, katika sura ya 19 ya Kitabu cha Kwanza cha Wafalme. Alikimbilia jangwani akiwa amekata tamaa hata akaomba kufa. Malaika hakumkaripia wala hakumhutubia. Alimletea mkate na maji, akamwacha alale, akamletea tena. Swali la Mungu lilikuja baadaye sana, mlimani, Eliya alipokwisha kula na kupumzika. Wazazi wapendwa, uji wa asubuhi kwa saa ileile, sala ya jioni kwa maneno yaleyale, hadithi ya kabla ya kulala, kazi ndogo kama ya kuwapa kuku maji: haya mnayoyaona ni madogo ndiyo mkate wa malaika kwa mtoto ambaye dunia yake imevurugika.

Limebaki jambo la namna tunavyomtaja Mungu mbele ya watoto, nalo latuumiza mara nyingi misibani. Mtoto aliyefiwa huambiwa, "Mungu amempenda zaidi, ndiyo maana amemchukua." Tunakusudia faraja. Lakini mtoto husikia kwamba Mungu akipenda mtu humwondoa, na usiku huomba asipendwe. Mwingine huambiwa maafa ni adhabu, naye huanza kuzikagua dhambi zake: aliiba sukari, alimdanganya mwalimu, basi mlima ukaanguka. Bwana wetu alikwisha kulikataa wazo hilo, alipowataja watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara kule Siloamu, katika sura ya 13 ya Luka. Hakukubali kwamba walikuwa wakosefu kuliko wengine. Tusimwongezee mtoto mzigo ambao Kristo mwenyewe aliukataa. Tumwambie kwamba Yesu naye alilia kaburini pa rafiki yake Lazaro. Hilo mtoto hulielewa upesi.

Mara nyingi, mtoto akipata mikono iliyotulia, hofu hupungua yenyewe kwa majuma kadhaa. Lakini ikipita mwezi bado halali, hali vizuri, hachezi na wenzake, au anazungumza habari za kutaka kufa, hayo ya mwisho hata yakisikika mara moja tu, msisubiri. Hospitali ya wilaya na ofisi ya ustawi wa jamii ni mahali pa kwenda, na iko namba 116, ya simu kwa ajili ya mtoto, ambayo hupigwa bila malipo. Kumpeleka mtoto kwa mtaalamu si upungufu wa imani, kama ambavyo kumpeleka mwenye malaria zahanati si upungufu wa imani.

Tumezungumza na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Kuanzia juma hili, jirani mmoja atakaa na mama yule jioni za mvua, wasaidiane kupika; WAWATA wamekwisha kupanga zamu. Kuna familia nyingine tatu ambazo tungependa zipate ujirani wa namna hiyo, nazo zinajijua. Waje ofisini siku yoyote isipokuwa Jumatatu. Walezi wa Utoto Mtakatifu nao tunawaomba wabaki kidogo baada ya Misa ya pili Dominika ijayo, kwani tunahitaji watu wawili wa kuzibua mtaro wa nyuma ya sakristia kabla mvua hazijakolea, na yule mtoto ameomba awepo.

Tuwatakie Dominika njema.