Imani ya bosi huonekana zamu inapokuwa ngumu

Katika ofisi nyingi siku huanza kwa sala. Bosi anafumba macho, anamwomba Mungu abariki kazi, wote wanaitikia amina. Nusu saa baadaye bosi huyohuyo anamfokea mfanya usafi mbele ya wateja, au anasaini likizo ya mmoja na kuikalia ya mwingine.

Wafanyakazi huona. Hawasemi, lakini huona. Jioni wakirudi nyumbani, watoto wao husikia habari za mkubwa wa kazi anayeijua Biblia yote lakini hajui jina la mlinzi wa getini.

Ndiyo maana swali la namna Mkristo anavyopaswa kuongoza kazini si la wachungaji peke yao. Ni la kila mzazi mwenye watu chini yake, awe mwalimu mkuu, msimamizi wa kiwanda au mama mwenye saluni na wasichana watatu.

Jibu moja lipo kaskazini mwa Uganda, karibu na mji wa Gulu, katika Hospitali ya Mtakatifu Maria, Lacor. Ni hospitali ya Kanisa Katoliki, lakini mwaka 2000 aliyekuwa akiiongoza ni Mprotestanti, Dk Matthew Lukwiya, mume na baba wa watoto watano.

Oktoba mwaka huo Lukwiya hakuwa hata kituoni. Alikuwa Kampala, masomoni Chuo Kikuu cha Makerere. Simu ikamfikia kwamba wanafunzi wa uuguzi wa hospitali yake wanakufa kwa ugonjwa usiojulikana. Angeweza kutoa maagizo kwa simu na kuendelea na masomo. Akarudi Gulu.

Alipitia taarifa za wagonjwa, akashuku homa ya virusi inayosababisha kutokwa damu. Hakusubiri majibu ya maabara. Alifungua wodi ya kuwatenga wagonjwa na kuomba watakaojitolea kuhudumu humo, naye akawa miongoni mwao. Siku chache baadaye vipimo vilithibitisha kuwa ni Ebola.

Siku wafanyakazi walipogoma

Kwa anayejua kazi ya wodi, Ebola ni mtihani wa peke yake. Virusi huambukiza kwa kugusa damu, matapishi na majimaji mengine ya mwili, yaani vitu ambavyo muuguzi hukutana navyo kila saa. Wazazi wa Kagera wanaielewa hofu hiyo. Ugonjwa wa Marburg, ndugu wa Ebola, ulipotangazwa mkoani humo Machi 2023, mhudumu wa afya alikuwa miongoni mwa waliofariki.

Huko Lacor, mwishoni mwa Novemba 2000, wahudumu walikuwa wamekwishawazika wenzao kadhaa. Vifo vilipoongezeka tena kwa ghafla, uvumilivu ukaisha. Mamia ya wafanyakazi walikusanyika katika ukumbi wa shule ya uuguzi, wengi wakitaka hospitali ifungwe.

Lukwiya aliwafuata ukumbini akazungumza nao kwa muda mrefu. Alisema hospitali ikifungwa, yeye ataondoka Gulu asirudi tena. Akawakumbusha pia jambo ambalo wengi walilijua.

Ijumaa Kuu ya mwaka 1989, waasi waliingia hospitalini hapo wakitaka kuwateka masista wa Kiitaliano. Lukwiya aliwashawishi wamchukue yeye badala yao. Alitembezwa porini kwa karibu wiki nzima kabla ya kuachiwa.

Wafanyakazi walirudi wodini. Hapo ndipo penye somo. Kama maneno yale yangetoka kwa mtu aliyejificha ofisini tangu Oktoba, yasingemzuia hata muuguzi mmoja. Yalikuwa na uzito kwa sababu msemaji alikuwa ameshatangulia mahali alipowaomba wengine waende.

Wakristo wanaijua habari ya Yesu kuwaosha wanafunzi wake miguu, katika Injili ya Yohana, sura ya 13. Huhubiriwa sana kama somo la unyenyekevu. Kazini ina maana iliyo wazi zaidi. Kazi ile ilikuwa ya mtumishi wa chini, na mkubwa akaishika yeye kwanza.

Na watoto je?

Siku chache baada ya mkutano ule, Lukwiya alianza kuumwa. Ilikuwa Ebola. Mkewe, Margaret, alifika kutoka Kampala, lakini aliweza kumsogelea akiwa amevaa mavazi ya kinga tu. Desemba 5, 2000, Lukwiya alifariki dunia. Mlipuko huo ulipotangazwa kwisha mwaka uliofuata, watu 425 walikuwa wameugua na 224 wamefariki.

Mzazi akisoma hapa ana haki ya kuuliza. Watoto watano walimpoteza baba. Je, imani inamtaka kiongozi atoe familia yake sadaka kwa ajili ya kazi?

Swali hilo lisijibiwe harakaharaka. Lukwiya hakuwa mtu wa kudharau kinga. Ndiye aliyewasimamia wengine wafuate taratibu. Lakini inaelezwa kwamba usiku mmoja aliitwa kumsaidia muuguzi wake aliyekuwa akitokwa damu, akaingia na glovu, gauni na barakoa bila miwani ya kinga. Ulikuwa usiku wa haraka baada ya wiki nyingi za uchovu.

Kwa hiyo kutangulia mbele hakumaanishi kujisahau. Kiongozi anayependa watu wake hulala, hula, hugawana mzigo na wenzake, na huvaa kinga yake kamili hata anapoitwa kwa dharura. Nyumbani nako kuna watu waliokabidhiwa kwake na Mungu yuleyule.

Wengi hawatakutana na Ebola. Mitihani yao ni midogo na huja kila wiki. Ratiba ya zamu ikipangwa, nani anapewa usiku wa Krismasi? Hesabu zisipolingana, lawama inaishia kwa nani? Mfanyakazi akisema anaogopa au mtoto wake anaumwa, anasikilizwa au anaambiwa hana imani?

Aidha, kuongoza kwa imani si kumlazimisha Mwislamu au Mkristo wa dhehebu lingine kusali sala ya bosi. Mprotestanti aliongoza hospitali ya Kikatoliki, na watu walimfuata kwa walichokiona mikononi mwake.

Alizikwa ndani ya eneo la hospitali, kando ya Dk Lucille Teasdale, daktari mpasuaji kutoka Kanada aliyefanya kazi hapo kwa miongo mitatu na kufariki mwaka 1996 kwa Ukimwi alioambukizwa akiwa anapasua wagonjwa.

Mzazi mwenye watu chini yake anaweza kuanza na jambo moja wiki hii: achukue ile ratiba, atafute zamu ambayo kila mtu anaikwepa, aandike hapo jina lake. Kisha awaeleze watoto nyumbani kwa nini siku hiyo atachelewa.