Lori Lililokosa Pumzi

Mtaa wetu wa Buyenzi, hapa Bujumbura, unajulikana kwa mambo mawili: Kiswahili na gereji. Mtoto anayekulia hapa hujifunza majina ya spana kabla hajasikia habari za ngeli. Nilipoingia chuoni kusoma Kiswahili, nilijiona mtu aliyekwisha kuhitimu katika somo la gereji. Insha hii inaeleza jinsi nilivyogundua kwamba sikuwa nimehitimu.

Mjomba wangu ana lori kuukuu la Mercedes-Benz 911, lile la pua fupi ya mviringo. Namba hiyo ina maana: 9 ni uzito wa tani tisa hivi pamoja na mzigo, na 11 ni nguvu za farasi 110 hivi. Injini yake ni OM 352, ya dizeli, silinda sita, lita 5.7, isiyo na turbo. Lilikuwa limelala nyuma ya nyumba kwa miaka mingi, kuku wakitaga chini ya kiti. Likizo ya mwaka wangu wa kwanza tulilifufua. Mjomba aliuza kiwanja chake ili apate fedha za matairi na vipuri. Mzee mmoja jirani, fundi wa pampu, alifungua pampu ya dizeli na nozeli, akazisafisha, akazipima. Mimi nilipewa kazi za mwanafunzi: kupiga rangi, kufunga taa, kuunganisha bomba la moshi na vikorokoro vyake.

Safari ya kwanza tulipakia saruji kwenda Bugarama. Barabara hiyo huanza karibu na Ziwa Tanganyika, kwenye mita 780 hivi juu ya bahari, na hupanda mpaka zaidi ya mita 2,000 kwa mwendo wa chini ya kilomita 40. Aliyewahi kuipita anawajua vijana wa baiskeli wanaoshika malori kwa nyuma ili wavutwe mlimani. Walitushika watatu. Baada ya kona mbili walituachia, wakasubiri lori jingine. Tulikuwa gia ya pili, tukitoa moshi mweusi kama chungu cha mchawi.

Mjomba hakusema neno mpaka tuliporudi. Kisha akauliza, "Tatizo ni nini?"

Nilijibu palepale, "Ni pampu, Mjomba. Yule mzee hakuifunga sawasawa."

Mjomba akazuia nusu ya malipo ya mzee. Habari za mtaa hazina breki. Kabla ya wiki kwisha, wenye malori wawili walikuwa wamepeleka pampu zao kwa fundi mwingine. Mzee alikuja kwetu, hakugomba. Aliniuliza swali moja tu: "Kijana, moshi wake ni rangi gani?"

"Mweusi, mzee."

"Basi dizeli inafika," akasema, akaondoka. Nikaona anakwepa lawama.

Mwezi mzima nilihangaika. Nilibadilisha chujio za dizeli, nikasafisha tangi, nikakagua mipira isije ikawa inavuta hewa, nikahakikisha pedali inausukuma mkono wa pampu mpaka mwisho. Lori halikubadilika. Nikasingizia mlima: kweli, injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Lakini malori mengine ya aina hiyohiyo yalitupita kwenye mlima uleule. Mjomba akaanza kuzungumza na wanunuzi wa vyuma chakavu.

Usiku mmoja, nikijiandalia mtihani wa semantiki, maneno ya mzee yalinirudia. Moshi mweusi una maana gani? Ni dizeli ambayo haikupata hewa ya kutosha ili iungue. Kama dizeli ingekuwa haifiki, lori lingekuwa dhaifu bila kutoa moshi huo. Kwa hiyo kazi yangu yote ya mwezi ilikuwa upande usiohusika. Lori halikukosa chakula, lilikosa pumzi. Ama hewa haiingii, ama moshi hautoki.

Asubuhi niliondoa mpira wa chujio la hewa, tukajaribu kilima cha karibu: vilevile. Nikafungua bomba la moshi kwenye silensa: vilevile. Nikafungua kiungo kilicho karibu na injini. Kelele zake ziliwatoa majirani nje, lakini lori lilipanda kwa gia ya tatu bila kunung'unika. Kwa hiyo kizuizi kilikuwa kati ya viungo hivyo viwili, na hapo kati palikuwa na kitu kimoja tu: breki ya moshi.

Breki hiyo ni kilango cha duara ndani ya bomba. Dereva akikanyaga kitufe, kilango hufunga, moshi hukwama, injini hulizuia lori mteremkoni. Akiachia, kinapaswa kufunguka chote. Chetu kilikuwa kimebaki nusu. Mkono wa chuma unaokizungusha ulikuwa umekazwa mahali pasipo pake. Aliyeukaza ni mimi.

Nilitumia dakika kumi na spana moja kurekebisha. Kumwambia Mjomba kulichukua muda mrefu zaidi. Aliniangalia, akatoa fedha za mzee zilizobaki, akasema, "Zipeleke wewe mwenyewe."

Nilikwenda baada ya magharibi. Nilimkuta barazani, nikamweleza yote, nikaomba radhi. Alihesabu fedha zake taratibu.

"Nilikuambia siku ile," akasema.

"Ndiyo, mzee. Nilisikia, sikusikiliza."

Kesho yake nilikwenda kwa wale wenye malori wawili kuwaeleza kwamba kosa lilikuwa langu. Mmoja alicheka, akarudisha kazi kwa mzee. Wa pili mpaka leo hajarudi.

Wahenga walisema nyani haoni kundule. Nimeiandika methali hiyo katika mitihani mara nyingi, na kila mara nilipata alama zote. Siku hizi lori likikosa nguvu, huanza kukagua nilipopita mimi.