Barua kutoka London: Desemba ya mbali na kihamba

 Huku baridi imeshaingia.

Najua huko kwetu Moshi Desemba ikifika hakuna habari nyingine. Mabasi ya Kaskazini yanajaa mapema, nauli zinakuwa gumzo, na kuanzia Chalinze hadi Mwanga ni msafara mmoja wa watu wanaorudi vihambani, kwenye mashamba ya ukoo. Mbuzi wa ndafu, wa kuchomwa mzima, keshatengwa, pombe ya mbege inaandaliwa, na wazee wameshapanga siku ya kikao cha ukoo. Asiyeonekana anaulizwa yuko wapi. Swali hilo linavuka bahari na kutukuta huku, tena katika mwezi ambao wengi wetu tunakuwa hoi kuliko miezi mingine yote.

Kinachoanza kutuchosha ni giza. Hapa London, tarehe 21 Desemba, jua linachomoza baada ya saa mbili asubuhi, na kabla ya saa kumi alasiri limeshazama. Mwenye zamu ya mchana anaingia kazini gizani na kutoka gizani, siku nenda rudi. Daktari wa akili Norman Rosenthal alihama kutoka Johannesburg kwenda Marekani, na majira ya baridi yalipofika akajiona nguvu zinamwishia. Mwaka 1984 yeye na wenzake wakaieleza kitaalamu huzuni hii inayokuja na kuondoka na majira. Nakitaja kisa hiki kwa sababu kijana akipiga simu nyumbani na kusema hana hamu ya kula wala kuongea, huambiwa Ulaya imemlegeza. Hajalegea. Mwili uliozoea jua la Moshi unalidai jua lake. Serikali ya huku yenyewe inashauri watu wanywe vitamini D, maikrogramu 10 kwa siku, majira ya vuli na baridi, na sisi wenye ngozi nyeusi tunaambiwa tufikirie kuinywa mwaka mzima. Mimi mapumziko ya mchana nayamalizia nje, hata kukiwa na manyunyu, ili nipate mwanga uliopo.

Kisha kuna Krismasi yenyewe. Tarehe 25 hapa hakuna treni wala basi la umma linalotembea, na maduka makubwa yanafungwa kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2004. Jiji zima linajifungia ndani na jamaa zake. Lakini wazee wa watu lazima waogeshwe, walishwe na kupewa dawa, na wanaofanya kazi hiyo wengi ni sisi wageni. Mwenye gari anazunguka alfajiri akiwaokota wenzake mtaa kwa mtaa. Katika nyumba ya wazee ninayofanyia kazi, saa tisa alasiri tunawasha televisheni kwa ajili ya hotuba ya Mfalme. Wazee wamevaa taji za karatasi, nyekundu na kijani. Yupo bibi mmoja ambaye namkatia bata mzinga vipande vidogo, namfuta mchuzi kidevuni, na kila baada ya muda mfupi anageukia dirisha kuuliza kama gari la mwanawe limefika. Wakati huohuo simu inatetema mfukoni mwa aproni yangu: picha za ndafu, sauti za watoto, na chini yake ujumbe kwamba mchango wa kipaimara bado haujaonekana. Moyo unaweza kuvibeba vyote hivyo kwa siku moja, ila hauvibebi bure.

Naomba niliseme wazi suala la pesa, maana ndilo linalowanyima watu usingizi. Waajiri wengi huku hulipa mshahara wa Desemba mapema, kabla ya sikukuu, kwa hiyo hadi ule wa Januari mtu anasubiri zaidi ya mwezi. Katikati hapo kuna gesi ya kupashia nyumba joto, kodi, na huko nyumbani shule zinafunguliwa: ada, sare, madaftari. Hakuna ombi baya kati ya hayo. Ubaya ni kwamba yanafika yote pamoja, kutoka kwa watu ambao hawajazungumza wao kwa wao, na kijana anaona aibu kusema hana. Anakopa kwa kadi ya benki, anatuma, kisha anaingia Januari na deni asilomwambia mtu.

Kwetu dawa tuliipata kwa shangazi. Mwezi wa kumi namtajia kiasi nilichonacho kwa ajili ya sikukuu na ada, basi. Anayehitaji anakwenda kwake, na yeye ndiye anayeamua kipi kitangulie, kwa kuwa anawajua wote na hakuna anayethubutu kubishana naye. Tangu hapo nikiona jina la binamu kwenye simu, nafurahi kuipokea. Mpeni kazi hiyo mtu wa namna yake katika ukoo wenu, na mfanye hivyo kabla ya Desemba.

Wapo wenye uchungu mkubwa zaidi. Kuanzia tarehe 11 Machi 2024, waliokuja Uingereza upya kwa viza ya kazi ya kutunza wazee hawakuruhusiwa kuja na mwenzi wala watoto. Kwa hiyo kuna akina mama huku ambao nguo ya Krismasi ya mtoto wanaiona kwenye kioo cha simu. Mnaolea watoto hao, siku hiyo mwacheni mtoto aongee kwanza, aongee mpaka achoke, ndipo wakubwa mfuate.

Na ninyi wenzangu wa huku, mawazo yakizidi msikae nayo chumbani. Sala ni njema, na daktari pia ni mwema. Namba 116 123 ya Samaritans, shirika linalowasikiliza wenye mawazo mazito, haitozwi, inapokelewa usiku na mchana, na tarehe 25 ikiwemo.

Wazazi wangu, kama mna kijana ughaibuni ambaye simu zake zimepungua tangu Novemba, msimsubiri. Mpigieni leo jioni, mumuulize amekula nini na analala saa ngapi, na habari za pesa msiziguse siku hiyo.

Ndimi ndugu yenu,
London