Karatasi ya Nambari za E na Pakiti ya Soya



 

Ndugu wazazi na wanafunzi wapenzi, leo tunaandika juu ya kosa tulilolifanya sisi wenyewe, tunaokaa mbele ya watoto na kuwafundisha. Tunaliandika ili lisirudiwe katika nyumba zenu.

Hapa Arua, karibu na lango la madrasa, alikuwapo mama mmoja mjane kutoka Koboko aliyekuwa akipika vipande vya soya, vile vikavu vya pakiti. Alivirowesha, akavikaanga kwa nyanya na kitunguu, akawauzia wanafunzi pamoja na chapati. Kwa mtoto asiye na pesa ya nyama, ile ndiyo ilikuwa nyama yake.

Siku moja mwanafunzi alituletea karatasi iliyotolewa kopi mara nyingi hata maandishi yamefifia. Nyinyi pia mmeiona, kama si kwenye karatasi basi kwenye simu. Ni orodha ya nambari zinazoanza na herufi E, na juu yake imeandikwa kwamba zote zinatokana na nguruwe. Ndani yake ilikuwamo E322, na pembeni neno "soya". Jioni ile baada ya Magharibi tukasimama, tukasema: soya ya pakiti ina haramu, jiepusheni nayo.

Kesho yake hakuna mtoto aliyenunua. Siku ya tatu yule mama akaja na pakiti mkononi. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Ustaadh, mimi Kiingereza sikujui. Nionyeshe hapa iko wapi hiyo nguruwe, nijue nilichowalisha watoto wa watu."

Tukaishika ile pakiti kwa mara ya kwanza. Palikuwa na mstari mmoja tu: unga wa soya uliokamuliwa mafuta. Hapakuwa na nambari hata moja. Tulinyamaza. Badala ya kusema tumekosea, tukamwambia tutalitazama jambo hilo. Wiki iliyofuata alikuwa amesharudi Koboko.

SOYA INATENGENEZWAJE?

Baada ya hapo ndipo tulipoanza kusoma, jambo tulilopaswa kulitanguliza. Soya huondolewa maganda, ikapondwa, na mafuta yake yakatolewa, mara nyingi kwa kimiminika kiitwacho heksani ambacho baadaye hufukizwa kwa joto. Unga unaobaki hutiwa maji, ukasukumwa kwa parafujo ndani ya bomba lenye moto na mgandamizo mkubwa. Ukitokea kwenye tundu dogo mwishoni huvimba ghafla, ukawa na nyuzi kama za nyama. Karibu nusu ya uzito wake ukiwa mkavu ni protini. Utaalamu huu ulienea kutoka Marekani katika miaka ya 1960.

Je, kusindika peke yake ni kubaya? Mama zetu wa West Nile huroweka muhogo mchungu na kuuanika ndipo wausage kwa ajili ya enyasa. Wasipofanya hivyo, sumu iliyomo hudhuru watu. Huko nako ni kusindika. Soya mbichi nayo ina vitu vinavyozuia tumbo kusaga protini, na moto ndio unaoviondoa. Basi tusiliogope neno, bali tuulize kilichoongezwa ni nini.

NAMBARI ZINASEMA NINI?

Nambari ya E ni jina fupi la kitu kinachoongezwa katika chakula, kwa utaratibu wa nchi za Ulaya. Haimaanishi nguruwe, wala haimaanishi sumu. Kwa ujumla zinazoanzia 100 ni rangi, 200 ni za kuzuia kuoza, 300 nyingi huzuia mafuta yasichache, 400 nyingi huzidisha uzito au kuunganisha maji na mafuta, na 600 ni za kukoleza ladha.

Ziko zilizo wazi. E322 ni lesithini, ambayo kwa kawaida hutoka kwenye soya au kiini cha yai. E120 ni rangi nyekundu ya wadudu.

Ziko zenye shaka. E471, inayopatikana katika majarini na mikate mingi, hutengenezwa kwa mafuta ya mimea au ya mnyama, na nambari haikwambii ni yapi. E631 inaweza kutoka kwenye nyama, samaki, au kwa kuchachusha vitu vya mimea. Hapo ndipo tunapohitaji alama ya halali ya chombo kinachojulikana, au kumwuliza mtengenezaji.

Wala neno "mimea" peke yake si dhamana. Mwishoni mwa mwaka 2000 Baraza la Maulamaa la Indonesia liliharimisha kiungo cha Ajinomoto kilichotengenezwa huko, na Januari 2001 kikaondolewa madukani. Kiungo chenyewe hupatikana kwa kuchachusha sukari ya mimea kwa bakteria. Lakini lishe ya wale bakteria ilikuwa ya soya iliyovunjwa kwa kimeng'enya cha nguruwe. Rais Abdurrahman Wahid, naye mwanazuoni, aliona bidhaa ya mwisho ni halali. Baraza halikukubali, na kampuni ikabadili njia yake. Wanafunzi wa fiqhi wataona hapa mas-ala ya istihala, yaani kitu kubadilika kikawa kingine: Mahanafi wameipanua, Mashafii wameibana.

Tazameni tofauti. Wao walichunguza kiwandani ndipo wakahukumu. Sisi tulihukumu kwa karatasi.

HALALI NA TWAYYIB

Jioni moja tulifungua kabati letu nyumbani. Tukatoa tambi za pakiti ambazo watoto wetu hula kila wiki. Kwenye kile kifuko cha viungo tukakuta E621, E631 na chumvi nyingi. Tulimharimishia mjane soya isiyo na kitu, huku tukila chenye shaka bila kusoma! Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Pakiti ikitaja sodiamu, zidisha kwa 2.5 upate chumvi.

Mtume (s.a.w.) ametufunza, katika hadithi ya Nu'man bin Bashir (r.a.), kujiepusha na yenye kutatiza. Lakini katika Surat An-Nahl, aya ya 116, Allah ametukataza pia kusema hiki halali na hiki haramu kwa uongo wa ndimi zetu. Tulishika la kwanza tukasahau la pili.

TULIPOKWENDA KOBOKO

Tulipanda gari hadi Koboko tukaulizia mpaka tukampata, anauza odi ya ufuta na karanga sokoni. Tulimwomba msamaha. Akasema, "Nimesamehe, Ustaadh. Ila mtaji ulikwisha, na binti yangu alikaa nyumbani muhula mzima." Maneno yale hayajatutoka. Tulimlipa tulichoweza, na Ijumaa iliyofuata tukasimama mahali palepale tulipoharimisha, tukasema kwa sauti ileile kwamba tulikosea.

Basi wazazi, someni pakiti pamoja na watoto wenu kabla ya kununua. Mkipata ujumbe wa nambari, ulizeni umetoka kwa nani kabla ya kuutuma. Penye shaka ya kweli acheni kimya kimya, bila kumvunjia mtu riziki yake. Na penye odi, maharage na enyasa, msiviache kwa ajili ya pakiti.

Allah atusamehe, atujaalie riziki ya halali iliyo nzuri, na amfungulie mama yule mlango mpana zaidi ya ule tuliomfungia. Amin.

Wabillahi tawfiq.