Zawadi ya Sindano Mbili

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Katika shule yetu wako wanaosema kwamba kufuma sweta ni kazi ya vikongwe waliokosa shughuli, na wako wanaosema kwamba ni kupoteza fedha bure, maana sweta zimejaa sokoni. Mimi nimefuma tangu nilipokuwa na umri wa miaka kumi, na kwa kuwa huu ni mwaka wangu wa mwisho hapa, napenda kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu kwa nini sijaziweka sindano zangu chini, na kwa nini zawadi iliyofumwa kwa mkono si sawa na ile iliyonunuliwa tayari.

Kwetu ni Njombe, katika Nyanda za Juu Kusini, kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Miezi ya Juni na Julai baridi huwa kali mno. Asubuhi nyingine mtu hukuta umande umeganda juu ya majani mabondeni, na watoto huenda shule huku wakipuliza vidole. Katika nchi kama hii sweta si pambo. Ni chombo cha nyumbani kama jembe na sufuria, na asiye nayo hutambulikana mara moja kwa jinsi anavyokunja mikono kifuani.

Aliyenifundisha kufuma ni bibi, mama yake mama, ambaye naye alifundishwa na walimu wa misheni alipokuwa msichana. Kwa sababu hiyo wengi hudhani kwamba kazi hii asili yake ni Ulaya. Lakini miongoni mwa vitu vya kale kabisa vilivyofumwa kwa namna hii na kuhifadhiwa hata leo ni soksi za pamba zilizopatikana Misri, katika bara letu hili. Ulaya ilikuja kuongeza mashine. Mwaka 1589 Mwingereza aitwaye William Lee alibuni mtambo wa kufumia soksi, na mitambo ya viwandani ifumayo sweta leo ni wajukuu wa mtambo ule.

Kazi yenyewe ni nyepesi kueleza. Nguo iliyosukwa, kama khanga, ina nyuzi za wima na nyuzi za kukingama zilizopitana. Sweta siyo hivyo. Ni uzi mrefu uliokunjwa vitanzi, na kila kitanzi kimepita ndani ya mwenzake. Ndiyo maana sweta huvutika ikarudi, na khanga haivutiki. Hewa inayonaswa katikati ya vitanzi ndiyo inayozuia joto la mwili lisitoke. Vitanzi ni vya namna mbili tu, cha mbele na cha nyuma. Ukivipanga kwa zamu, kimoja cha mbele na kimoja cha nyuma, hupata ukingo uvutikao sana, ufaao kwa shingo, kiuno na vifundo vya mikono. Tena, kwa kuwa kila kitanzi kimeshikwa na mwenzake, ukiifungua ncha ya mwisho ukavuta, kazi yote hufumuka, na uzi waweza kutumika upya. Msomaji alishike neno hili, maana nitalirudia.

Somo la kwanza la bibi halikuwa la sindano. Lilikuwa la macho. Alizoea kuniambia, "Mjukuu wangu, usimfumie mtu usiyemtazama." Alitaka kusema kwamba sweta ya dukani imepimwa kwa watu wote, kwa hiyo haikupimwa kwa mtu yeyote, bali anayefuma hupima mwili mmoja tu, naye hana budi kumjua mwenye mwili huo.

Nilipata kuyaelewa maneno hayo nilipomfumia baba. Baba ana mikono mirefu, na sweta zote za mtumba humwishia juu ya vifundo. Tena kila alfajiri hupanda pikipiki kwenda shambani, na upepo humpiga kifuani na kumwingia shingoni. Nilipima shati lake kuukuu lililokuwa limeanikwa kambani, ili asijue. Kisha nikafuma kipande cha kujaribia, nikakiwekea rula, nikapata vitanzi 20 kwa sentimita 10 za upana na mistari 28 kwa sentimita 10 za urefu. Kifua chake ni sentimita 92. Nikaongeza 8 ili apate nafasi ya kuvaa shati ndani, jumla 100. Basi mbele ilitaka vitanzi 100, na nyuma vitanzi 100. Urefu wa sentimita 65 ulitaka mistari 182. Wenzangu wanaochukia hesabu na wazidishe wenyewe: hata baada ya kupunguza makwapa na shingo ni zaidi ya vitanzi 30,000, na mikono bado. Mikono niliirefusha, shingo niliifanya ndefu ya kukunjwa, na kifuani nilifuma kwa kukaza.

Siku alipoivaa, baba hakusema mengi. Alinyosha mikono yake mbele akaitazama, kisha akauliza, "Nani aliyekuambia kwamba upepo huniingia hapa?" Hakuna aliyeniambia. Nilikuwa nimemwona kila alfajiri akiushika ukosi wa koti lake kwa mkono mmoja.

Hali kadhalika rafiki yangu mmoja wa bwenini, aliyetoka Mtwara. Alifika hapa Kidato cha Kwanza na nguo za pwani. Salamu ya "kamwene" aliizoea kwa siku mbili, lakini baridi ilimchukua miaka miwili kuizoea. Wakati wa kujisomea usiku nilimwona akivuta mikono ya sweta ya sare hata ikafunika vidole, akishika kalamu kwa ncha tu. Nilipomfumia sweta yake ya mwisho wa juma, niliizidisha mikono sentimita nne. Mtu mwingine angeona kwamba ni kosa la fundi. Yeye alipoivaa aliingiza vidole ndani, akacheka.

Sasa nifike kwenye zawadi za watoto wachanga, ambazo ni ngumu kuliko zote, kwa sababu mpokeaji bado hajaonekana. Dada yangu mkubwa alikuwa akitazamia kujifungua mwanzoni mwa Agosti. Muhula wa kwanza nilifuma hapa shuleni kofia, soksi na sweta ndogo yenye rangi ya maziwa. Kichwa cha mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake huwa na mzunguko wa sentimita 35 hivi, na uzi mwembamba wa watoto ulinipa vitanzi 28 kwa sentimita 10, kwa hiyo kofia niliianza kwa vitanzi 98. Kazi ilikwisha, nikaikunja, nikaiweka sandukuni kungoja.

Lakini mtoto hakungoja. Alizaliwa katikati ya Juni, nikiwa nyumbani kwa likizo, mimba ikiwa na majuma 33. Mtoto azaliwaye kabla ya majuma 37 kutimia huitwa njiti, na huyu alikuwa na gramu 1,800. Mama alirudi kutoka hospitalini usiku amenyamaza, na nyumbani kwetu hakuna aliyethubutu kusema neno la hongera. Asubuhi nilimfuata mama hospitalini na kifurushi changu. Nilimkuta dada ameketi kitandani, na mwanawe amefungwa kwa kitenge, ngozi kwa ngozi katikati ya kifua chake, kikionekana kichwa tu. Kile kichwa kilikuwa kidogo kama chungwa kubwa.

Muuguzi alitueleza kwamba hayo ni malezi ya kangaruu. Niliporudi shuleni nilisoma kwamba yalianzishwa mwaka 1978 mjini Bogotá, nchini Kolombia, na daktari Edgar Rey Sanabria, katika hospitali iliyopungukiwa na mashine za kuwatunzia watoto joto. Mtoto njiti hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi yake, hawezi kujitunzia joto, naye hutakiwa abaki kati ya nyuzijoto 36.5 na 37.5. Kifua cha mama humpa joto hilo, na maziwa huwa karibu. Kichwa chake ni sehemu kubwa ya mwili wake, na joto jingi hupotea hapo, kwa hiyo kofia ni ya lazima.

Nilimwonyesha muuguzi sweta yangu. Aliigusa kwa heshima, kisha akasema, "Mdogo wangu, huyu sweta yake kwa sasa ni kifua cha mama yake. Ukitaka kumsaidia, mletee kofia inayomkaa, na soksi."

Kofia yangu ya vitanzi 98 ilimfunika mtoto hata kidevu. Basi nilikaa kwenye benchi la nje pamoja na ndugu wa wagonjwa wengine, nikaitafuta ncha ya uzi, nikavuta. Mama mmoja aliyekuwa jirani yangu alishtuka akasema, "Mwanangu, waiharibu!" Nikamjibu, "La, mama, naipunguza." Kichwa cha mtoto kilikuwa na sentimita 30, nikaanza vitanzi 84, nikafuma kwa zamu ya mbele na nyuma ili kofia ishike bila kubana. Kabla ya jua kutua ilikuwa kichwani pake. Siku ya pili nilifuma nyingine ya kubadilisha, na uzi uliosalia ulitosha soksi. Yule mama wa benchi naye alikuwa na mjukuu ndani. Nikamfumia kofia ya tatu.

Sisemi kwamba kofia yangu ndiyo iliyomponya mtoto. Waliomponya ni dada, aliyeketi na kulala naye kifuani mchana na usiku, na wauguzi waliompima tena na tena. Nasema tu kwamba jambo lile lilinifundisha zaidi ya miaka yote niliyoshika sindano. Zawadi nzuri si ile tuliyoipenda sisi tulipokuwa tukiifanya. Ni ile inayomkaa aliyepewa siku anapoihitaji. Nguo ya dukani isipokaa huwekwa kabatini. Ya kufumwa hukubali kuanza upya, na uzi ni ule ule.

Baada ya majuma matatu walirudi nyumbani. Siku ya wazazi mama alinipa habari kwamba mtoto anaongezeka vizuri, na kwamba ile sweta ya rangi ya maziwa, ambayo sikuifumua, sasa imeanza kumtosha.

Kwa wenzangu watakaopenda kuwafumia watoto, nataja mambo machache ambayo bibi na muuguzi waliniusia. Msitie kamba wala utepe shingoni. Vifungo vishonwe kwa nguvu, au visiwepo kabisa, kwa maana mtoto hutia kila kitu kinywani. Ndani ya soksi msiache nyuzi zinazoning'inia, kwani huweza kuzunguka kidole cha mguu na kukikaba pasipo mtu kuona. Nyuzi nyingi za madukani ni za akriliki, ambayo hufuliwa kwa urahisi lakini huyeyuka ikikaribia moto. Basi mtoto asisogezwe karibu na jiko. Sufu ya kondoo ina joto zuri, lakini ukiifua kwa maji ya moto na kuisugua hunywea, isifae tena.

Najua wako wazazi watakaosoma haya wakauliza, "Na mtihani wa Novemba je?" Swali hilo ni la haki. Mimi hufuma Jumamosi baada ya kufua, na Jumapili baada ya ibada. Siku za masomo sindano hukaa sandukuni. Kwa mwendo huo sweta ya mtu mzima, ambayo hula madonge 8 mpaka 12 ya uzi ya gramu 50, hunichukua muhula mzima. Ni kweli kwamba kwa fedha ile ile ningeweza kupata sweta ya mtumba na chenji ikabaki. Lakini mtumba haujui kama baba hupanda pikipiki. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, nami naongeza kwamba kutoa ni macho pia.

Mwaka huu tutaachana, kila mmoja aende alikopangiwa na Mungu. Sina uzi wa kuwafumia wanafunzi wote wa Kidato cha Nne. Ila kwa yeyote atakayependa kujifunza, ninazo sindano za ziada namba nne, na kila Jumamosi saa kumi mimi huketi nyuma ya bweni letu, upande wa jua. Njoo na donge moja la uzi, na kabla hujaketi uwe umekwisha kujua jina la mtu utakayemfumia.