Maharage ya Mwaka Jana Katika Chungu cha Leo

Kila mama wa nyumbani katika vilima vya Ryansoro anajua kwamba maharage ya mwaka jana hayapikwi pamoja na yale yaliyovunwa juzi. Ukiyachanganya katika chungu kimoja, mapya hupondeka yakawa uji, na ya zamani hubaki magumu kama changarawe. Si kwamba ya zamani ni mabaya, la hasha! Yakilowekwa usiku kucha na kupewa moto wa kutosha, hulisha watoto sawa na mengine. Kosa ni la mchuuzi anayeyafunika kwa mapya sokoni, kisha akatoza bei ya mapya.

Nasema haya kwa sababu ya mabishano niliyokuwa nayo na mtoto wa mdogo wangu, kijana anayekaa mjini Gitega na kujipatia senti kwa kuandika katika mtandao wa kijamii unaowalipa waandishi wake. Ndugu wasomaji ambao hamjaiona mitandao ya namna hiyo, nitaieleza kwa ufupi. Mmoja uitwao Steemit ulianzishwa Marekani mwaka 2016. Mwezi Machi, 2020, baadhi ya watu wake walijitenga wakaunda mwingine uitwao Hive. Msomaji akilipenda andiko hulipigia kura, na kura hizo ndizo zinazoamua mwandishi apate sarafu ngapi za kidijitali kutoka katika mfuko mmoja wa wote. Lakini mlango wa malipo hufungwa baada ya siku 7. Zikishapita, hata andiko likipigiwa kura elfu, mwandishi haongezewi kitu.

Hapo ndipo penye mzozo. Je, mwandishi akilirudisha andiko lake la zamani ili alipwe tena, ni halali?

Kijana wetu alijitetea vizuri. "Mama mkubwa," aliniambia, "niliandika juu ya kuhifadhi maharage yasiliwe na fukusi. Kazi ile ilinichukua siku 3, na waliosoma wakati huo walikuwa wachache. Leo wako wengi wasioijua. Redio hurudia vipindi vyake. Mwalimu hurudia somo lile lile kila mwaka na mshahara wake haukatwi. Mimi nina kosa gani?"

Sikumkatalia yote. Maarifa mazuri hayaozi kwa siku 7, na si haki kazi ya mtu isahaulike upesi hivyo. Lakini nilimkumbusha kwamba mfuko ule ni wa wote, kama sinia moja mbele ya walaji wengi. Anayetia mkono mara mbili kwa kazi moja hupunguza tonge la yule aliyekesha jana akiandika jambo jipya. Tena mwalimu hamfichi mtu kwamba somo ni la kila mwaka.

Nikamwuliza, "Kwa nini basi usiandike juu kabisa kwamba andiko hili ni la mwaka fulani?"

Akacheka. "Nikisema hivyo, mama mkubwa, nani atanipigia kura?"

"Basi umejijibu mwenyewe, mwanangu," nilimwambia.

Huenda msomaji akadhani kwamba huu ni ubishi wa vijana wenye simu, usiozihusu nyumba za askari. Hasha! Desturi ya kulipwa kwa kutazamwa imeenea. Mtandao wa X ulianza mwaka 2023 kuwagawia baadhi ya waandishi wake sehemu ya fedha za matangazo. Mwezi Julai, 2025, kampuni ya Meta, yenye Facebook, ilitangaza kwamba kurasa zinazorudiarudia kazi za wengine zitapunguziwa wasomaji na kunyimwa malipo kwa muda. Mahali penye malipo kwa kila jicho, mwenye tamaa haulizi picha ni ya lini, bali huuliza itawashtua wangapi.

Sisi tulio na waume na watoto jeshini tunaijua gharama yake. Tarehe 3 Mei, 2022, kambi ya askari wa Burundi ilishambuliwa huko El Baraf, Somalia. Jeshi letu lilitangaza kwamba askari 10 walikufa, 25 walijeruhiwa na 5 hawakujulikana walipo. Mwaka uliofuata, mume wangu akiwa bado kule, ukurasa mmoja ulieneza picha za zamani za kambi iliyoungua, bila tarehe, chini ya maneno "habari za sasa hivi". Jioni ile majirani walifika kwangu wakakaa kimya, kama watu wanaokaa penye msiba. Watoto hawakula. Simu ya baba yao ililia siku ya pili alasiri. Yeye hakuwa na habari ya shambulio lolote. Aliyerudisha picha zile huenda alilipwa senti chache. Kwetu zilileta usiku mzima wa kilio, na kwa wajane wa El Baraf zilitonesha donda ambalo halijapona.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Anayerudisha jambo la zamani na aliandikie tarehe yake mahali pa kwanza, si pembeni. Akiwa ameongeza kazi mpya, mathalani mambo aliyoyaona katika mavuno mawili yaliyofuata, alipwe bila lawama. Akiwa hakuongeza neno, asidai malipo. Steemit na Hive zote zina nafasi ya mwandishi kukataa malipo ya andiko lake. Na kazi ya mwingine isirudishwe bila idhini wala jina la mwenyewe.

Nasi wasomaji tuna wajibu wetu. Picha ya vita ikiingia katika simu, mama asikimbilie kuwapelekea wenzake. Kwanza aulize: ni ya lini, ni ya wapi, na nani ameithibitisha? Jeshi lina njia zake za kuwaarifu jamaa, na habari ya kweli haiharibiki kwa kungojwa saa chache.

Kijana wetu alirudi Gitega bila kukubali kila neno langu. Wiki iliyofuata alinionyesha andiko lake la maharage: juu kabisa alikuwa ameweka mwaka alioliandika, na chini ameongeza aya mbili juu ya mapipa aliyoyajaribu msimu uliopita. Kura alizopata hazikuwa nyingi, ila hakuna msomaji aliyemnung'unikia.